Honi ya Baba Kwenye Kona ya Mawe

Harufu ya breki za lori zilizopata moto haifanani na harufu nyingine. Ina ukali wa mpira unaoungua, na ukiivuta inakaa kooni kama moshi wa kuni mbichi. Juzi niliipata nikiwa kwenye gari langu, nateremka kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay, nyuma ya lori la mahindi lililokuwa likijizuia lisishike kasi. Barabara siku hizi ni ya lami, ina mistari myeupe na vyuma vya pembeni, na kona zetu za zamani zimenyooshwa mpaka nyingine huzitambui tena. Lakini Kona ya Mawe bado ipo. Nilipoifikia mkono ukaenda wenyewe kwenye honi, fupi mbili, kisha ndefu, na mwishoni nikaiachia taratibu. Dereva wa lori alitoa kichwa dirishani kunitazama, maana barabara ilikuwa nyeupe, hakuna gari linalokuja wala ng'ombe anayevuka.

Nilikuwa nimeitwa. Baba mdogo Winfrid, mdogo wake marehemu baba yangu, yu taabani, na wazee wa ukoo walinipigia simu kwamba ana neno anataka kuniambia kabla hajaondoka. Niseme mapema, wenzangu wa rika langu, msije mkakaa mkisubiri mwisho mtamu. Sikuwa nakwenda kusamehe. Nilikuwa nakwenda kusikiliza tu, na mimi vitu hivyo viwili sijawahi kuvichanganya.

Tulikuwa tunakaa kwenye mteremko, chini kidogo ya Kona ya Mawe, mahali ambapo ukisimama mlangoni asubuhi isiyo na ukungu unaliona ziwa lote mpaka milima ya ng'ambo. Baba, Otmar jina lake, alikuwa Mnyasa wa pwani ya ziwa, dereva wa lori la tajiri mmoja wa Mbamba Bay. Alipandisha usipa Mbinga, wale samaki wadogo wa kukaushwa, akateremsha mahindi na maharage. Mama alikuwa Mmatengo wa Mpepai, na alipoolewa alikuja na jembe lake na kilimo chao. Juu ya barabara, pale pale konani, alilima ngoro, yale mashimo ya Wamatengo yanayopangwa mlimani kama sega la nyuki ili mvua isibebe udongo. Majirani zetu Wanyasa, watu wa mihogo, walimcheka. Wakipita wanauliza, “Mama Walburga, hayo makaburi unamchimbia nani?” Mama anajibu, “Nawachimbia wenye midomo.” Sisi watoto tuliyapenda mashimo yale. Mahindi yakishakua, ukichuchumaa mle ndani hata ndege hakuoni.

Barabara ilikuwa ya vumbi, nyembamba, na konani yasingeweza kupishana magari mawili. Kwa hiyo madereva walikuwa na sheria yao. Anayeteremka anapiga honi kabla ya kona, na anayepanda akiisikia anasimama chini, pale palipopanuka, anasubiri mwenzake apite. Na kila dereva alikuwa na upigaji wake. Kuna aliyepiga kwa kukatakata kama mtu mwenye kwikwi, kuna aliyepiga moja tu ya hasira. Baba alipiga fupi mbili na ndefu moja iliyoshuka mwishoni. Mama alidai honi ile inasema, “Mama, maaaji.” Akiisikia tu, anabandika sufuria. Mpaka lori lizunguke kona na kufika mlangoni kwetu, maji yanakaribia kuchemka. Baba anakula ugali wake wa moto, anafuta mikono, anateremka Mbamba Bay kushusha mzigo. Nilikua nikiamini kwamba honi ile haitoki kwenye lori. Niliamini ni sauti ya baba mwenyewe, ameiweka ndani ya usukani kama watu wanavyoweka akiba, na kwamba mtu mwingine akiugusa usukani ule hautatoa kitu.

Baba mdogo Winfrid alikuwa utingo wa lori lile. Alikaa juu ya magunia, na lori likisimama mlimani anaruka chini na jiwe kuzuia magurudumu. Nilimpenda sana, na hilo silifichi, maana ndilo linalonichoma. Alinibeba begani mpaka nikawa mkubwa wa kuona aibu. Aliniletea miwa ya Mbinga, ile laini. Yeye ndiye aliyenifundisha kutengeneza tarumbeta la papai. Unakata kikonyo kirefu cha jani la mpapai, ambacho ndani ni kitupu, unachana kidogo upande mmoja, unapuliza. Kikiwa kimoja kinalia kama mbuzi. “Vikilia vingi kwa pamoja,” aliniambia, “utasema lori.” Nililishika somo hilo vizuri kuliko alivyodhani.

Somo la pili nililipata shuleni. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa Mwalimu Mwanaidi, mwanamke mnene wa kutoka Tanga, aliyepangiwa kazi kwetu akaja na mashuka yake na birika lake na hasira zake za baridi ya asubuhi. Alifundisha kwa mwili mzima. Siku moja aliandika ubaoni “hoot”, akageuka, akatutazama.

“Hiki ni kitendo,” akasema. “Bundi ana-hoot. Nani anajua bundi analiaje?”

Kwetu bundi haigizwi. Bibi yangu mzaa mama alisema ukimwiga usiku ule ule atakuja juu ya paa kuuliza nani kamwita, na hatarudi mikono mitupu. Mwalimu akaona tunatazamana, akacheka.

“Basi mwacheni bundi. Gari nalo lina-hoot. Dereva akipiga honi, ame-hoot. Tena usidhani ni Kiingereza cha vitabuni tu, watu wanalitumia hivyo mitaani. Na la tatu.” Akashika kiuno. “Umati wa watu ukimzomea mtu mwongo, mwizi, mchezaji aliyekosa goli la wazi, umati huo una-hoot. Huyo mtu anakuwa amehutiwa.”

Alitugawa kwa mistari ya madawati. Mstari wa dirishani wawe bundi, wa katikati magari, wa mlangoni umati. Mimi nilikuwa dirishani. Kwa kumwogopa mwalimu kuliko bibi, nililia kama bundi, na nililia vizuri mpaka nikasifiwa. Nilirudi nyumbani nikijiuliza Waingereza ni watu gani wanaomweka bundi, lori na zomeazomea kwenye chungu kimoja. Wenzangu tayari walishaligeuza la kwetu. Njiani kila mtu alikuwa anahuti.

Haukupita muda, ikatokea ile siku. Nilikuwa jikoni na mama, nachambua maharage. Tukasikia honi juu ya kona, fupi, fupi, kisha ile ndefu. Mama akanyanyuka akabandika sufuria, akaniambia nisogeze kuni. Kisha tukasikia breki, kishindo cha mabati, na mbwa wa jirani akaanza kubweka bila kukoma. Mama alitoka mbio bila viatu.

Lori la baba lilikuwa limesimama konani, limeegemea ukingo wa mlima. Chini ya barabara, kwenye mihogo, palikuwa na gari dogo lililolala ubavu. Lilikuwa la ofisa mmoja mgeni, alikuwa anapanda kwa kasi katikati ya barabara, vioo amefunga kwa ajili ya vumbi. Mguu wake ulivunjika. Baba alikuwa ameshamtoa, amemlaza kwenye turubai, na harufu ya breki ilikuwa imetanda. Watu walijaa. Trafiki walikuja kutoka Mbamba Bay, na tajiri mwenye lori alikuja nao kwenye gari lao, jambo ambalo hata mimi mtoto niliona si zuri.

Trafiki mkubwa alimuuliza baba, “Ulipiga honi?”

“Nilipiga, afande. Kama siku zote.”

Ofisa pale kwenye turubai alisema yeye hakusikia honi yoyote. Trafiki akatazama huku na huku. “Nani mwingine alikuwa kwenye lori?”

Tajiri alikuwa amesimama karibu na baba mdogo. Kabla ya hapo nilikuwa nimewaona wako nyuma ya lori, tajiri ameweka mkono begani kwake, wanaongea kwa sauti ya chini. Baadaye ilikuja kujulikana baba mdogo alichoambiwa, maana pale Mbamba Bay siri hailali. Kosa likiwa la dereva, lori litaachiwa na usukani utakuwa wake. Likiwa la ofisa, ofisa atasema breki ni mbovu, na lori litaozea kituoni.

“Mimi nilikuwa juu ya magunia,” akasema baba mdogo. Alikuwa anatazama viatu vyake. “Sikusikia honi.”

Baba aligeuka akamtazama. Mama ndiye aliyesema, miguu yake ikiwa imejaa vumbi mpaka magotini.

“Afande, njoo jikoni kwangu uone. Maji yanachemka. Mimi nabandika maji nikisikia honi ya mume wangu, na kijiji kizima kinajua. Maji hayajichemshi yenyewe.”

Trafiki alicheka. “Mama, nitamwandikaje sufuria kuwa shahidi?”

Watu wengine nao wakacheka. Nikaona mama anainamisha kichwa. Mpaka leo nikifunga macho nakiona kile kisogo chake, na kamba ya rozari ikiwa imetoka nje ya kola.

Kwa muda niliamini ni mimi niliyeleta yote. Nilikuwa nimelia kama bundi darasani, na bundi alikuwa amekuja kuuliza nani kamwita. Sikula. Nilikwenda kanisani peke yangu nikakaa benchi la nyuma nikimwomba Mungu amchukue mwingine badala ya baba, tena nikamtajia majina. Kisha siku moja nilimsikia mama akimwambia shangazi, “Bundi ni Winfrid.” Nilipumua. Mzigo wote niliokuwa nimejitwika niliutua, nikaunyanyua upya ukiwa hasira, na hasira ni nyepesi sana kubeba.

Ukoo ulikaa. Mama aliwaeleza wazee habari ya honi na maji. Wakasema mke hasimami shahidi wa mumewe, na kwamba ndugu wawili wasigombanishwe na lori la mtu. Baba alinyang'anywa leseni, na tajiri mwingine yeyote hakumtaka. Akashika jembe, akaingia kwenye ngoro za mama, yeye Mnyasa, na majirani waliokuwa wanacheka sasa walinyamaza kwa huruma, ambayo ni mbaya zaidi. Kila alipokwenda watu walimwita “dereva”, kisha wakakumbuka, wakamalizia kwa kukohoa. Hilo ndilo tulilopoteza, na kwa baba yangu ndilo lililokuwa kila kitu, kwamba yeye ni mtu anayepiga honi kabla ya kona.

Nilingoja usukani umkatae Winfrid. Siku ya kwanza alipoteremka na lori lile nilisimama mlangoni nikiwa na uhakika kwamba atabonyeza na kutoka patupu, na dunia nzima itajua. Honi ikalia. Tena ikalia kwa sauti ile ile, ila yeye alipiga moja tu, ndefu, ya majivuno. Ndani ya nyumba mama alishtuka akashika sufuria, kisha akairudisha ukutani. Nililichukia lori kama mtu anavyomchukia rafiki aliyehamia kwa adui.

Na kumbuka, huyu ni baba mdogo. Akipita kwa miguu Jumapili, nguo imepigwa pasi, ni lazima nipige goti. “Shikamoo baba mdogo.” “Marahaba mwanangu, hujambo?” Kwetu mtoto hamtukani baba yake mdogo, hata kama amemla mbwa wa nyumba. Ningesema neno moja baya, baba mwenyewe angenichapa. Maneno yote niliyameza. Ndipo siku moja, nikiwa nachota maji mtoni, Mwalimu Mwanaidi akanijia akilini na kiuno chake. Umati unahuti. Kuhuti si neno. Hakuna fimbo ya kumchapa mtoto aliyepuliza kikonyo cha papai.

Nikawakusanya wenzangu wa darasa waliokuwa wakikaa upande wetu wa mlima. Sikuwaambia mengi. Niliwaambia tunakwenda kucheza gari, na kwamba gari letu lina honi moja tu, nikawafundisha. Fupi, fupi, ndefu inayoshuka. Tulifanyia mazoezi mbali, bondeni, mpaka vikonyo vikatoa sauti moja nzito iliyonisimamisha nywele. Nilimsikia baba. Nilikaa chini kidogo, wenzangu wakadhani nimechoka.

Siku ya soko la Mbinga lori lilikuwa linapanda, limejaa magunia ya usipa, na juu ya magunia akina mama wachuuzi. Kubwa lao alikuwa Mama Hyasinta, mwanamke wa sauti, akinong'ona anasikika kanisani. Sisi tulikuwa ndani ya ngoro za mama, kila mtu na shimo lake, vikonyo mdomoni. Lori likakaribia, linaunguruma kwa gia ndogo. Nikainua mkono. Tukapiga.

Lori likasimama. Pale chini palipopanuka, kama sheria inavyotaka. Utingo wake mpya akaruka na jiwe. Winfrid alikuwa anasubiri gari linaloteremka, nasi kwenye mashimo tulikuwa tunang'ata mikono kwa kicheko. Hakuna gari lililokuja.

Mama Hyasinta akaanza. “We Winfrid! Tumesimamia nini? Samaki wangu wanakwenda soko la jioni?”

“Kuna gari linashuka, mama. Nimesikia honi.”

“Umesikia nini?”

“Honi.”

Juu ya magunia wachuuzi wakageuziana macho. Kisha Mama Hyasinta akasema polepole, kila herufi nikaipata kule shimoni, “Kumbe pahala hapa honi inasikika?”

Mmoja akacheka. Wakacheka wote. Wakaanza ile “Uuuuu!” ya wanawake wa sokoni, na sisi tukaitikia kwa vikonyo, na mlima ukaturudishia. Winfrid alitia moto ili aondoke, lakini lori lenye mzigo likishasimama mlimani haling'oki kirahisi. Lilirudi nyuma, likazimika. Akina mama ilibidi washuke, na waliposhuka walikwenda mmoja mmoja mpaka dirishani kwake kumchungulia, kama watu wanaotoa heshima za mwisho.

Tulifanya hivyo kila alipopanda. Sitasema uongo, ilikuwa raha. Watoto wa kona za juu wakaiga, wa kona za chini wakaiga, na honi ya baba yangu ikasambaa njia nzima hadi karibu na Mbinga. Winfrid hakuweza kutosimama. Siku moja alijitia ushujaa, akasema ni watoto tu, akapita bila kusimama, na siku hiyo lilikuwa lori kweli. Walifunga breki pua kwa pua, na yule dereva mwingine alishuka akamuuliza mbele ya abiria kama ana masikio au ana mashikio ya chungu. Baada ya hapo alisimama kila kona, hata palipokuwa kimya, akateremsha kioo na kusikiliza. Wachuuzi walianza kupanda magari mengine. Lori la Winfrid wakaliita “Nimesikia”.

Alipeleka malalamiko shuleni. Mwalimu mkuu alitupanga mstari, fimbo mezani. “Nani anapiga kelele barabarani?” Mwalimu Mwanaidi alikuwa amesimama pembeni na birika lake. Nikanyoosha mkono, nikasema hatupigi kelele, tunafanya mazoezi ya Kiingereza. Mwalimu mkuu akamgeukia mwenzake. Yeye akanywa chai kidogo, akauliza, “Mnahuti nini?”

“Gari, mwalimu.”

“Gari tu?”

“Na lile la tatu, mwalimu.”

Alinitazama kwa muda mrefu. Alikuwa mgeni, lakini mgeni anayenunua usipa kwa Mama Hyasinta hakosi habari. “Wamenielewa vizuri,” akamwambia mwalimu mkuu, akaondoka na birika lake.

Ndipo Winfrid akaja nyumbani. Alikuja mchana, baba yuko shambani, amesimama ndani ya ngoro moja kiuno kikiwa usawa wa ukingo. Mimi nilikuwa nang'oa magugu jirani. Baba mdogo hakukaa. Alisema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, “Kaka, mwambie mtoto wako aache. Siwezi kazi tena. Hata nikiwa kitandani naisikia.”

Baba aliendelea kulima. Alilimaliza lile shimo lote. Kisha akajiegemeza kwenye mpini.

“Unasikia honi?”

“Naisikia, kaka.”

“Ukisikia honi, simama, mpishe mwenzio,” akasema baba. “Ndiyo sheria ya barabara.” Akahamia shimo lingine. Hakunikataza, hakuniuliza. Jioni hiyo alikula ugali wote uliokuwa kwenye sahani, na mama alikwenda nje akakaa huko kidogo.

Tajiri alimwondoa Winfrid kwenye usukani. Msidhani baba alirudishwa, hayo ni ya hadithi. Aliletwa kijana kutoka Songea. Baba alikufa mkulima, leseni hajaiona tena, na kwenye mazishi yake aliyesoma maisha ya marehemu alisoma “aliwahi kuwa dereva” haraka haraka, kama mtu anayeruka dimbwi. Winfrid alikuwepo, mstari wa mbele, amevaa shati jeusi. Nilimsalimia. Aliitika.

Sasa juzi nimemkuta kitandani, kwake Mbamba Bay, amebaki macho na mifupa, dirisha linatazama barabarani. Wazee wa ukoo walikuwa nje kwenye mabenchi. Niliingia peke yangu.

“Shikamoo baba mdogo.”

“Marahaba.” Alivuta pumzi. “Nilikusikia. Ulipokuwa konani.”

Kutoka pale hadi Kona ya Mawe hakuna sikio linalofika. Hata hivyo nilimuuliza, “Umesikia nini, baba mdogo?”

“Honi.”

“Ya nani?”

Machozi yakamtoka, yakaingia masikioni, maana alikuwa amelala chali. “Ya kaka Otmar.”

Nilinyanyuka nikafungua mlango, nikawaita wazee wote waingie, na shangazi, na jirani aliyekuwa anapita na ndoo. Nikasema, “Baba mdogo ana neno.” Na alilisema. Kwa shida, kwa vipande, lakini alilisema. Siku ile honi ililia. Aliisikia yeye, na Otmar hakuwa na kosa. Shangazi alijifunika kanga usoni. Nilisimama nikamsikiliza mpaka neno la mwisho, na nikamshukuru Mungu kwa kumweka hai mpaka akalitapika.

Mzee Kandidus, aliyekuwa mwenyekiti wa kikao kile cha kusema mke si shahidi, alinishika mkono. “Mwanangu, mwenzio ametubu. Mwambie basi umemsamehe, apumzike. Umesikia anavyolia?”

Nikachukua mkoba wangu. “Mnisamehe wazee wangu,” nikasema. “Mimi sikusikia.”

Nilipanda mlima taratibu. Chini ya kona, kabla ya kukata kwenda nyumbani, nikapiga tena, fupi, fupi, na ndefu. Mama bado anakaa pale pale, macho yamefifia, lakini moshi ulikuwa unatoka jikoni. Nilimkuta ameinama kwenye mafiga.

“Alisema?” akauliza bila kugeuka.

“Alisema, mama. Mbele ya wote. Honi ililia.”

Alikuwa ameshika mwiko. Nikaona kile kisogo chake, sasa cheupe. Kikainuka.

“Mimi nilisema,” akasema. “Maji hayajichemshi yenyewe.” Kisha akauliza nilimjibu nini Winfrid, nikamwambia. Hakunikemea. Alichota unga kwenye bakuli, akaumimina kwenye maji yaliyokuwa yakitokota, akaanza kusonga.

“Sogeza sahani,” akasema. “Na ile ya baba yako.”